Mzazi anapogeuka kiongozi wa skauti: Mambo ya kujua kabla ya kuvaa skafu

AGHALABU mzazi haingii katika uongozi wa skauti kwa kupanga. Huingia kwa sababu mwalimu aliyekuwa mlezi wa kundi amepewa uhamisho muhula ukiwa katikati, watoto wamesalia kama vifaranga waliopotelewa na mama, nayo siku ya kambi ambayo imekwisha kulipiwa inakaribia.

Mwalimu mkuu huwaita wazazi na kuwauliza ni nani aliye na nafasi siku ya Jumamosi. Kimya hutanda. Hatimaye mmoja, ambaye pengine aliwahi kuvaa skafu utotoni au ambaye mwanawe anaipenda sare hiyo kuliko nguo zote alizo nazo, huinua mkono.

Huambiwa papo hapo kwamba kazi yenyewe ni ya saa mbili tu kwa juma. Hiyo ndiyo kauli ya kwanza anayopaswa kuitilia shaka.

Uskauti ulianza mwaka wa 1907 wakati Robert Baden-Powell, afisa wa jeshi la Uingereza, alipowapeleka wavulana wapatao 20 kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea. Miaka mitatu baadaye, mnamo 1910, ulikuwa umefika katika nchi inayoitwa Kenya hivi leo. Chama cha Skauti cha Kenya kilijiunga na Shirika la Uskauti Duniani mwaka wa 1964, mara tu baada ya uhuru.

Uhusiano wa mwanzilishi huyo na nchi hii ni wa karibu mno. Aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba iitwayo Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan mjini Nyeri, akafariki Januari 8, 1941 na kuzikwa mjini humo. Ndiyo maana kila mwezi wa Februari, karibu na tarehe 22 aliyozaliwa, skauti hufunga safari ya kwenda Nyeri kuzuru kaburi lake. Mzazi aliyekubali kuwa kiongozi mwezi wa Januari hujikuta na safari hiyo mikononi mwake kabla hajazoea hata majina ya watoto.

Humu nchini skauti hugawanywa kwa umri. Wadogo kabisa, wanaoanzia takriban miaka sita, huitwa Sungura. Wakifika karibu miaka 11 huwa Chipukizi, kisha Mwamba katika umri wa shule ya sekondari, na baada ya kutimiza miaka 18 huwa Jasiri. Wazazi wengi wanaojitolea huangukia Sungura au Chipukizi, kwa kuwa huo ndio umri ambao mtoto bado anaona fahari kuandamana na mzazi wake.

Jambo moja huifanya hali ya Kenya kuwa tofauti na ya nchi nyingine. Nchini Uingereza, kwa mfano, makundi mengi ya skauti ni ya mitaa na huendeshwa na wazazi na majirani, na kumewahi kuwa na maelfu ya watoto katika orodha za kusubiri kwa sababu watu wazima wa kuwaongoza hawakutosha. Hapa petu makundi mengi yamo shuleni na kiongozi huwa mwalimu. Yapo ya makanisani na ya mitaani, lakini hayo si mengi.

Kwa hivyo mzazi anayeongoza kundi la shule hana pahali rasmi pa kukaa. Si mwajiriwa wa shule, ilhali hawezi kufanya lolote bila idhini ya mwalimu mkuu. Si mgeni, lakini hana ufunguo wa stoo ya mahema. Anayetaka kudumu katika kazi hii huanza kwa kupata barua ya mwalimu mkuu inayoeleza wazi yeye ni nani pale shuleni, na kwa kuomba mwalimu mmoja atajwe kuwa mwenzake, hata kama mwalimu huyo hataonekana uwanjani kila juma.

Saa mbili zinazozaa kumi

Mkutano wa Jumamosi huenda kweli ukachukua saa mbili. Kisichotajwa ni kununua kamba siku ya Alhamisi, kuwapigia simu wazazi ambao hawajarudisha fomu, kutafuta mtu wa kufundisha huduma ya kwanza, na kuandika nani alikuja na nani hakuja.

Kisha kuna kungoja. Mkutano huisha saa sita, lakini mzazi wa mtoto wa mwisho hufika saa nane, akiwa na mifuko ya sokoni na tabasamu la kuomba radhi. Kiongozi hawezi kumwacha mtoto langoni. Wala, kama itakavyoelezwa, haifai akae naye peke yao. Saa yake ya chakula, na ya mtu mzima mwingine aliyebaki naye, imekwenda.

Hata siku yenyewe ya kukutana ni mtihani. Jumamosi ni sabato kwa Waadventista, na katika sehemu za Kisii na Nyanza huenda nusu ya kundi ikawa kanisani. Watoto Waislamu wana madrasa asubuhi za wikendi, na Ijumaa alasiri haifai kupangwa bila kuzingatia sala. Jumapili haipatikani kwa wengine. Makundi mengi huishia kukutana Jumatano au Alhamisi baada ya masomo, na hapo mzazi mwenye ajira ya ofisini huwa hajatoka kazini.

Hakuna siku itakayowafaa wote. Kinachosaidia ni kuuliza kabla ya kutangaza, na kuhakikisha kwamba mtoto anayekosa mikutano fulani kwa ajili ya dini yake hanyimwi beji kwa sababu hiyo.

Wapo wazazi ambao huvumilia mwaka mmoja kisha wakatoweka. Ukichunguza utagundua kwamba si mapenzi yaliyokwisha. Ni kwamba kazi ya watu wanne ilibebeshwa mtu mmoja kwa kuwa hakujua kukataa. Mzazi mwenye busara huomba wenzake kazi ndogondogo zenye mwisho: huyu atunze daftari la fedha, yule asimamie chakula cha kambi ya Agosti, wa tatu abaki langoni hadi mtoto wa mwisho achukuliwe. Mtu akiombwa "kusaidia skauti" hujikuna kichwa, lakini akiombwa kuleta sufuria tatu Ijumaa jioni, huzileta.

Mwanawe wa kumzaa

Ugumu ambao haumo katika mwongozo wowote ni ule wa kumwongoza mtoto wako mbele ya watoto wa wenzako.

Wengi hudhani hatari ni upendeleo. Naam, upendeleo upo, na watoto huunusa mbali. Mwana wa kiongozi akiteuliwa kuongoza wenzake, hata kama anastahili, minong'ono itazuka kabla ya bendera kushushwa. Lakini kosa linalotokea mara nyingi zaidi ni kinyume chake. Mzazi, kwa kuogopa kusemwa, humkaripia mwanawe kwa soksi zilizoshuka huku wengine watano wenye soksi kama hizo wakipita. Mtoto huyo hulipia wadhifa ambao hakuuomba.

Kisha wote wawili hurudi nyumba moja. Gwaride lililokwenda vibaya huendelea mezani wakati wa chajio, na mtoto hukosa pa kupumzikia. Watoto wengine humlalamikia mwalimu wao na kwenda zao kwa mama. Huyu wake ndiye huyo huyo.

Njia iliyosaidia wengi ni kumtoa mtoto chini ya mkono wa mzazi wake kadiri inavyowezekana. Kiongozi mwingine ndiye anayempima kwa ajili ya beji, ndiye anayemwadhibu akikosa, na ndiye anayeamua kama atapewa uongozi. Mzazi huondoka kabisa katika mazungumzo hayo. Kundi likiwa na kiongozi mmoja tu, basi mwalimu aliyetajwa katika barua ya mwalimu mkuu ana kazi hapo.

Majina nayo yana maana. Katika shule nyingi kila mtu mzima anayefundisha huitwa "mwalimu". Mtoto akubaliane na mzazi wake mapema kama atasema "mwalimu" uwanjani au ataendelea kusema "baba" au "mama". Lolote watakaloafikiana ni sawa, mradi asiaibishwe mbele ya wenzake kwa kuteleza ulimi.

Lipo pia suala la siri. Kiongozi hujua ni mtoto gani anayekojoa kitandani, nani hajalipa, na nyumba ya nani ina ugomvi. Hayo hayasemwi kwenye gari mtoto wake akiwa kiti cha nyuma. Na ikitokea mtoto mwenyewe akachoka na skauti na kutaka kwenda kandanda, aachwe aende. Mzazi anaweza kubaki na kundi au kuondoka, lakini asimlazimishe mwana avae sare ili yeye apate sababu ya kuendelea.

Watu wazima wawili

Kanuni inayowaudhi wazazi wapya kuliko zote ni kwamba mtu mzima asikae peke yake na mtoto asiye wake mahali pasipoonekana. Mzazi mwenye nia njema huiona kama tusi. "Je, mimi nashukiwa?" huuliza.

Kanuni hiyo imezaliwa na maafa. Chama cha skauti wavulana cha Marekani kilitafuta ulinzi wa sheria ya kufilisika Februari 2020 kutokana na kesi za watu waliodai kudhulumiwa kingono walipokuwa watoto. Madai zaidi ya 82,000 yaliwasilishwa. Mpango wa kuwafidia, wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 2.4, ulianza kutekelezwa Aprili 2023, na mwaka wa 2025 chama hicho kikabadili jina na kuitwa Scouting America. Wengi wa walioshtakiwa walikuwa watu wazima waliojitolea, watu ambao wazazi waliwaamini na kuwashukuru.

Shirika la Uskauti Duniani lina sera ya kuwalinda watoto iitwayo Safe from Harm, ambayo vyama vya nchi wanachama vinatakiwa kuifuata. Humu nchini zipo Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 na Sheria ya Watoto ya 2022. Kiongozi anayejitolea hasamehewi chochote katika sheria hizo kwa kuwa halipwi.

Kwa vitendo, kanuni hii ina maana kwamba mkutano hauanzi hadi mtu mzima wa pili afike. Mtoto anayetaka kusema jambo la faragha husikilizwa pembeni, lakini mahali ambapo wengine wanawaona. Kambini watu wazima hawalali hema moja na watoto, wavulana na wasichana hulala mbali mbali, na kundi lenye wasichana huwa na kiongozi wa kike. Mwana wa kiongozi hulala na wenzake, si katika hema la mzazi wake, isipokuwa akiugua.

Simu zimeongeza mlango mwingine. Ujumbe kuhusu mkutano hutumwa kwa mzazi au katika kundi la WhatsApp la wazazi, si kwa mtoto kisirisiri usiku. Picha vilevile. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na Septemba 2023 shule moja jijini Nairobi ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Fomu ya ruhusa ya picha hutiwa saini mwanzoni mwa mwaka, na anayekataa hahojiwi.

Kuhusu adhabu, kiboko kimepigwa marufuku shuleni tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakariri marufuku hayo. Kumpigisha mtoto magoti kwenye changarawe au kumkimbiza juani kwa kusahau skafu ni kiboko kwa jina jingine.

Kabla ya yote hayo, kiongozi hutakiwa awe na cheti cha maadili mema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), ambacho huombwa kupitia mtandao wa eCitizen kisha mwombaji akachukuliwa alama za vidole. Shule isiyokidai inapaswa kuulizwa sababu.

Na ikiwa mtoto atafichua kwamba anadhulumiwa, nyumbani au kwingineko, kazi ya kiongozi si kupeleleza. Ni kusikiliza bila kumkatiza, kutoahidi kwamba ataweka siri, kuandika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, na kutoa taarifa siku hiyo hiyo. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo. Kumwendea mshukiwa ili "kusuluhisha" ni kumwonya ajifiche.

Fedha za maziwa na fedha za kamba

Kundi halihitaji fedha nyingi, ila zile kidogo zinazohitajika huleta fitina kubwa. Michango hutumwa kwa M-Pesa kwenye simu ya kiongozi, ikachanganyika na fedha za nyumbani, na kufikia mwisho wa mwezi hakuna ajuaye zipi zilikuwa za unga na zipi za mahema. Mara nyingi kiongozi ndiye anayepoteza, maana hununua vitu kwa mfuko wake na kusahau kudai. Lakini minong'ono haitasema hivyo.

Fedha zipitie akaunti ya shule au ya kundi yenye watia saini zaidi ya mmoja. Risiti ziwekwe, na hesabu isomwe mbele ya wazazi kila mwisho wa muhula, hata kama kilichosalia ni Sh300.

Sare ni jambo la kutendewa kwa upole. Shati, skafu, kofia na mkanda ni mzigo kwa familia yenye watoto wanne shuleni. Kundi lenye akili huweka skafu za kuazimana na kuhifadhi sare za waliokua. Mtoto kutolewa kwenye gwaride la Siku ya Madaraka kwa kukosa mkanda ni ukatili usio na faida kwa yeyote.

Kambi

Likizo ya Aprili huangukia masika. Wazazi wanakumbuka jinsi mvua za 2024 zilivyoleta mafuriko hadi serikali ikaahirisha kufunguliwa kwa shule za muhula wa pili. Agosti ndio mwezi unaopendwa kwa kambi, japo nyanda za juu kama Nyeri na Limuru huwa na baridi inayopenya blanketi moja. Rowallan, kambi ya kitaifa ya skauti iliyo karibu na uwanja wa maonyesho wa Jamhuri jijini Nairobi, huwafaa wanaoanza kwa kuwa si mbali na hospitali wala barabara. Ni humo ambamo kongamano la dunia la skauti vijana, World Scout Moot, liliandaliwa 2010, mara ya kwanza barani Afrika.

Fomu ya afya isomwe, si kukusanywa tu. Pumu, kifafa na seli mundu ni maradhi yanayoweza kuamka usiku wa baridi, na dawa zenye jina la mtoto hukaa kwa mtu mmoja anayejulikana. Magari nayo yana mtego: bima ya gari la kibinafsi kwa kawaida haiwahusu abiria wanaolipa nauli, hivyo mzazi anayechangisha fedha za mafuta ili awabebe watoto huenda akajipata peke yake ajali ikitokea. Basi la shule au gari lenye leseni ya kubeba abiria ni bora, hata kama safari itagharimu zaidi.

Mzazi akifika kambini hukutana na adui asiyemtarajia, yaani mazoea yake mwenyewe. Utaratibu wa Baden-Powell ni wa vikundi vya watoto sita hadi wanane, viitwavyo patroli, ambavyo kila kimoja kinaongozwa na mtoto mwenzao. Wao ndio wanaojenga hema, kuwasha moto na kupika. Mama ambaye kwa miaka 11 amemfungia mtoto kamba za viatu anaona fundo linalegea, naye mkono unamwasha. Baba anaona ugali unaungua na kunyakua mwiko.

Wakifanya hivyo kambi itakwenda vizuri na watoto hawatajifunza lolote. Ugali ulioungua huliwa, na jioni inayofuata hukorogwa kwa makini zaidi. Kiongozi huingilia moto unapokaribia hema, kisu kinapochezewa, au mtu anapoelekea mtoni bila idhini. Zaidi ya hapo akae kwenye kigoda chake anywe chai. Pengine hili ndilo gumu kuliko yote yaliyotajwa, na ndilo linalotofautisha kambi ya skauti na matembezi ya familia.

Ujuzi huu hufundishwa. Chama cha Skauti huandaa mafunzo ya viongozi, kuanzia ya mwanzo hadi yale ya Wood Badge, yaliyoanzishwa katika bustani ya Gilwell, Uingereza, mwaka wa 1919, na ambayo mhitimu wake huvaa shanga mbili za mti shingoni. Mzazi asisubiri kufikia shanga ndipo aanze kazi, ila asipeleke watoto kulala nje kabla ya kupata walau mafunzo ya mwanzo na ya huduma ya kwanza.

Kuondoka

Zamani mtoto aliondoka shule ya msingi baada ya darasa la nane, na mzazi-kiongozi akaondoka naye. Tangu Januari 2023 shule za sekondari ya msingi zimewekwa katika viwanja vya shule za msingi, hivyo Chipukizi hubaki pale pale hadi Gredi ya 9. Kundi limepata mwaka zaidi wa kuandaa mrithi, na mzazi hana kisingizio cha kuondoka ghafla kama yule mwalimu aliyepewa uhamisho.

Mrithi hutafutwa mwaka mzima kabla, miongoni mwa wale walioleta sufuria. Siku ya kukabidhi, hutolewa daftari la mahudhurio, daftari la fedha pamoja na risiti zake, orodha ya mahema na vigingi vilivyopo na vilivyopotea, rekodi ya beji za kila mtoto, na ufunguo wa stoo. Fomu za afya hazirithishwi. Hurejeshewa wazazi au kuharibiwa, na kiongozi mpya huanza na fomu mpya.